Kisitiri cha Endulen

*Ndani giza, nje macho ya watu. Mwandishi wetu alikwenda Ngorongoro kutafuta mahali pa kuchorea, akaishia kushika msumeno.*

Na Mwandishi Wetu, Endulen

Kufikia saa nne asubuhi, punda wangu alikuwa na masikio mawili na mguu mmoja.

Nilianza kumchora saa tatu kasoro, nimekaa kwenye kigoda nje ya boma, ubao wa plaiwudi mapajani, karatasi imeshikwa kwa vibanio vya nguo. Punda mwenyewe alikuwa ametulia, madumu ya maji yameshashushwa mgongoni. Sikio la kwanza lilitoka vizuri. Nilipokuwa kwenye la pili nikasikia pumzi begani. Alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, kamasi mbili, hasemi neno. Baada ya muda mfupi walikuwa saba, na kila nilipoinua penseli walinyamaza wote kwa pamoja kama watu wanaosubiri penalti ipigwe. Ikapita pikipiki yenye shehena ya unga, nikainua kichwa. Akapita mzee, nikasimama, maana mzee haamkiwi na mtu aliyekaa na ubao mapajani. Mbuzi akaja kunusa kifutio. Niliporudi kwa punda, naye alikuwa amegeukia upande wa pili.

Kijana wa nyumba niliyofikia, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa likizo, alinitazama muda wote huo akicheka chini chini. Yeye anachora tangu darasa la tatu. Akaniambia, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba hapa mtu huchora watu wasipokuwepo, na watu hawakosi kuwepo.

Mhariri alikuwa amenituma kazi ndogo kwa maelezo: andika jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kujitengenezea kisitiri cha kuchorea, kile kiambaza chepesi kinachosimamishwa mbele ya mchoraji ili macho yasitangetange. Alidhani ni habari ya mbao na misumari. Nami nilidhani hivyo.

Nuru iko nje

Endulen ni kata ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kusini magharibi mwa kreta. Ukitoka Karatu unapita geti la Loduare, unapanda ukingo wa kreta kwenye ukungu, kisha unaiachia barabara kuu magari ya watalii yanayokwenda Serengeti. Ni nchi ya nyanda za juu: asubuhi baridi, mchana upepo, na kiangazi vumbi linaloingia mpaka ndani ya kichongeo cha penseli.

Nyumba ya Kimaasai, enkaji, hujengwa na wanawake kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe. Ni ya chini kiasi kwamba mtu mrefu hukunja shingo, na mlango wake hupinda kabla ya kufika ndani ili upepo usiingie moja kwa moja. Katikati kuna moto. Vitanda vya fito hutengwa kwa kiambaza kilichosukwa, kwa hiyo asidhani mtu kwamba wazo la kutenga kona limeletwa hapa na magazeti. Dirisha ni tundu la kupitisha moshi, na nuru ya tundu hilo huishia sakafuni kama sarafu. Utulivu upo humo ndani, lakini huoni ncha ya penseli yako.

Ukitaka kuona, toka nje. Ukitoka nje, unaonekana.

Jibu la mjini lingekuwa kujenga chumba chenye dirisha kubwa. Hapa jibu hilo lina uzito wa aina yake. Hifadhi hii yenye kilomita za mraba zipatazo 8,300 ilianzishwa mwaka 1959 kwa utaratibu wa watu, mifugo na wanyamapori kukaa pamoja. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na mwaka 2010 ikaongeza thamani yake ya kiutamaduni. Kukata mti mbichi hakuruhusiwi. Zinazookotwa ni kuni kavu. Nyumba ya kudumu, ya tofali na saruji, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi.

Na juu ya hayo kuna mgogoro ambao kila msomaji anaufahamu. Juni 2022 Serikali ilianza kuzihamishia Msomera, wilayani Handeni, familia ilizosema zimejiandikisha kwa hiari, ikieleza kwamba idadi ya watu na mifugo imezidi uwezo wa hifadhi. Wakazi wengi wamelikataa neno hilo, hiari, na Agosti 2024 walijaa barabarani kudai huduma na haki ya kubaki. Sikutumwa kuandika hayo. Lakini huwezi kusimamisha hata mbao tatu Endulen bila mtu kuuliza zimechimbiwa au zimesimama tu.

Zetu zimesimama tu. Hukunjwa jioni na kuingizwa ndani.

Jirani mwenye penseli

Eneo hili lilishamwona mchoraji mmoja mkubwa, ingawa watu humkumbuka kwa kazi nyingine. Si mbali na Endulen kuna Laetoli, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka takriban milioni 3.66 iliyopita.

Kabla hajawa mchimbaji wa kutajika, Mary alikuwa mchoraji wa kuajiriwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichora zana za mawe za Fayum, Misri, kwa ajili ya kitabu cha mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson. Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumchorea kitabu chake. Mwaka 1951 alikaa Kondoa akinakili michoro ya miambani, kazi aliyoichapisha kama kitabu mwaka 1983.

Namtaja kwa sababu ya kanuni moja ya wachoraji wa zana za mawe: nuru itoke juu, kushoto. Jiwe lote husomwa kwa kivuli, na nuru ikihama, kovu linageuka nundu. Kanuni hiyo humfaa kila anayechora kwa mkono wa kulia, hata kama anachora punda, kwa sababu nuru ikitoka kulia mkono wako mwenyewe unaiwekea karatasi kivuli. Wa kushoto ageuze.

Wachoraji wa kale wa Kondoa, ambao miamba yao iliingia urithi wa dunia mwaka 2006, walifanya kazi chini ya majabali yaliyoinama, yenye kinga ya jua na mvua. Profesa Fidelis Masao, aliyeandika kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1979, ndiye pia aliyeongoza timu iliyotangaza nyayo mpya za Laetoli mwaka 2016. Akiolojia ya nchi hii na penseli hazijawahi kukaa mbali.

Kidoto cha ngamia

Watu wa pwani wana neno linalofaa hapa: kidoto. Ni kile kitambaa alichofungwa ngamia machoni alipozungushwa kwenye kinu cha mafuta. Ngamia asiyeona pembeni hazubai, huzunguka tu. Mchoraji hataki kufungwa macho, lakini anahitaji kidoto cha pembeni, kwa kuwa sehemu ya jicho inayotazama pembeni huona umbo kwa shida ila haikosi kitu kinachotembea. Kuku akipita ubavuni, shingo yako itageuka kabla hujaamua.

Mwaka 2014 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, Anna Fisher, Karrie Godwin na Howard Seltman, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto 24 wa chekechea. Watoto wale wale walifundishwa katika darasa lililojaa picha na mapambo, na katika darasa hilo hilo likiwa na kuta tupu. Kwenye mapambo walipoteza asilimia 38.6 ya muda wakishughulika na mengine. Kwenye kuta tupu, asilimia 28.4. Katika maswali baada ya kipindi walipata asilimia 42 kwenye mapambo na 55 kwenye kuta tupu.

Tofauti hiyo si ya kubeza, ingawa ni watoto 24 tu na masomo machache. Ilinikumbusha kosa langu la siku ya tatu, nitakalolieleza.

Masikio ni habari nyingine. Mwaka 2012 mtafiti Ravi Mehta na wenzake walionyesha kwamba sauti ya wastani, kama desibeli 70, iliwasaidia watu kutoa mawazo mapya kuliko ukimya wa desibeli 50, na kwamba ikifika 85 faida hupotea. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka wanawake wa boma lile wakitunga shanga chini ya mti: wanaongea, wanacheka, wananyonyesha, na hesabu ya shanga nyeupe na nyekundu haipotei hata moja. Ukiwaambia watafute utulivu wa kufanyia kazi watadhani unaumwa.

> Kisitiri cha Endulen kizuie macho, masikio kiyaache wazi.

Mbao, kiroba na tyubu

Siku ya kwanza tulitumia maboksi ya dukani. Tuliyafungua, tukayaunganisha kwa gundi ya karatasi, tukayasimamisha. Yalisimama vizuri mpaka asubuhi, umande ulipoyalainisha na mbuzi wakala kona mbili.

Siku ya pili tukatundika shuka kwenye kamba kati ya miti miwili. Upepo wa saa tano ukalipeperusha kama bendera, na kitu kinachopepea mbele ya macho kinasumbua kuliko watoto saba. Isitoshe shuka lilikuwa jekundu, na jua lilipolipitia, karatasi yangu nyeupe ikawa ya waridi. Kijana akanionyesha kwa kidole: kivuli cha penseli kilikuwa kimegeuka rangi. Ukichora kwa rangi nyuma ya kitambaa chekundu utachagua rangi zisizo zako, na hutajua mpaka utoke nje.

Siku ya tatu nikapanda gari kwenda Karatu kununua mbao. Kwa kuwa mti mbichi haukatwi hifadhini, mbao za miti ya kupandwa ndizo njia iliyo safi, na tulihitaji chache: fremu tatu, kila moja na miguu miwili na vipande viwili vya kukingama, za inchi mbili kwa moja. Kwa fremu yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60, zote tatu hula mita 10.8. Nunua 12, utakosea mahali.

Kipande cha kukingama cha chini kisiguse ardhi. Kipandishe sentimita 10 ili upepo upate pa kupita na mchwa wakose pa kuanzia. Kwenye kona msumari mmoja hauzuii fremu kuyumba, na miwili hupasua mbao nyembamba. Dawa ni kipande cha plaiwudi cha pembetatu kwa kila kona, kimepigiliwa misumari midogo mitano.

Nguo ya kuvisha fremu ni kiroba cha kilo 50. Kipasue ubavu mmoja na chini, kitandaze, kilaze kwa upana. Kimoja kinatosha fremu moja na kubaki. Kingo zake hufumuka nyuzi mpaka zikuchoshe, kwa hiyo pitisha ukingo haraka juu ya mwali wa mshumaa ili nyuzi ziyeyuke na kushikana. Kunja ukingo mara mbili, vuta kwa nguvu kama anayewamba ngoma, pigilia. Chini ya kila msumari tuliweka kizibo cha soda kilichopondwa bapa, maana kichwa cha msumari peke yake hutoboa kiroba na kutokea upande wa pili.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lile. Nilivisha viroba maandishi yakiwa upande wa ndani, kwa hoja ya kishamba kwamba nje papendeze. Nikakaa kuchora. Dakika ya kwanza nikasoma jina la kiwanda cha unga. Nikasoma uzito. Nikasoma maelekezo ya kuhifadhi mahali pakavu. Nikasoma tena jina la kiwanda. Mtu anayejua kusoma hawezi kuacha kusoma kilicho mbele yake, na nilikuwa nimejijengea darasa la mapambo la Carnegie Mellon kwa mikono yangu. Tukavifumua vyote na kugeuza. Upande mweupe nao ulirudisha mng'ao wa jua usoni, tukaubandika karatasi za kaki, zile za kujaladia madaftari. Rangi ya kaki haina habari yoyote ya kumpa mtu.

Bawaba ndizo zilizonifurahisha zaidi. Fundi wa katambuga alitupa vipande vya tyubu kuukuu, tukavikata mikanda ya upana wa vidole viwili. Mkanda wa kwanza unaanzia uso wa mbele wa fremu ya kushoto, unapenya katikati na kupigiliwa uso wa nyuma wa fremu ya kulia. Unaofuata chini yake unafanya kinyume. Mikanda minne kwa kila kiungo, ikipishana hivyo, na kisitiri kinakunjika mbele na nyuma, upendavyo. Wajapani walitatua jambo hilo hilo karne nyingi zilizopita kwa bawaba za karatasi kwenye visitiri vyao viitwavyo byōbu. Maana ya neno hilo ni kinga ya upepo, na nitalirudia.

Kusimama, kisitiri husimama chenyewe kikikunjwa pande zote mbili kama mlango uliofunguliwa nusu. Kuukabili upepo wa Endulen ni jambo jingine. Tulining'iniza kwenye mbao ya chini chupa nne za maji za lita moja na nusu, zimejaa mchanga. Simu tuliishonea mfuko upande wa nje. Iite itakavyo, huko huko nje.

Punda katoweka

Tulikiweka kisitiri mbele na mgongo tukauegemeza ukuta wa enkaji, kwa sababu pumzi za begani hutoka nyuma, hazitoki mbele. Kikawa chumba. Kijana akaingia, akakaa, akashika penseli. Baada ya kitambo akachungulia juu kuniuliza: punda yuko wapi?

Nilikuwa nimemficha punda.

Msomaji wa historia ya sanaa atanicheka, maana tatizo hili lilipata jibu zamani. Leon Battista Alberti wa Italia alieleza mwaka 1435 jinsi ya kutazama kitu kupitia kitambaa chepesi kilichogawanywa miraba kwa nyuzi nene, na mwaka 1525 Albrecht Dürer wa Ujerumani akachapisha picha za mitambo ya namna hiyo. Walimu wetu wa jiografia wanaokuza ramani kwa miraba ni wanafunzi wa mbali wa mabwana hao. Tukakata dirisha kwenye fremu ya katikati, sentimita 40 kwa 30, tukaliwekea vijiti pande nne, tukapitisha uzi wa kushonea kila baada ya sentimita tano. Miraba 48. Kwenye karatasi tukapiga miraba 48 kwa mkono mwepesi. Sikio la punda likawa kwenye mraba wa tatu kutoka kushoto, mstari wa pili, na halikuwa na ubishi.

Dakika ya pili dirisha likajaa macho. Mraba wa tatu, mstari wa pili, ulikuwa na pua.

Tukashona kipande cha kiroba juu ya dirisha, kinachoinuliwa na kushushwa. Kijana alikuja na utaratibu wake mwenyewe ambao ni bora kuliko wa Alberti: anainua, anatazama mpaka aridhike, anashusha, anachora alichokumbuka. Mistari yake ilikuwa michache kuliko yangu, na punda wake alikuwa na uzito.

Watoto nao, waliponyimwa cha kutazama, walikaa upande wa pili wa kiroba. Kulikuwa na ukimya wa kutia shaka. Nilipozunguka nikakuta wamechukua mkaa na wanachora juu ya maandishi ya unga: ng'ombe, ng'ombe, gari, ng'ombe.

Yeyo hakukipenda

Kisitiri cha kwanza hakikuwa cha sentimita 120. Nilikipiga 150, kwa sababu mbao ziligawanyika vizuri kwa kipimo hicho. Mama mwenye nyumba, ambaye kijana humwita yeyo, alitoka, akakitazama, akarudi ndani. Jioni akaniita mwandishi na kunieleza, kwa heshima, kwamba haoni mwanawe.

Mjini ningemwona mama mwenye wivu. Hapa fisi hupita karibu na maboma, nyati hawatabiriki, na mtu kuonekana ni sehemu ya usalama wake. Kuna na lingine. Mgeni akifika na kumkuta mtu mzima amejificha nyuma ya viroba mchana kweupe, atauliza amekosana na nani. Morani kwa mila hali peke yake. Chakula ni cha wawili na kuendelea. Koko, bibi wa nyumba, aliuliza swali ambalo sijalijibu vizuri mpaka leo: huyu anachora peke yake ili nani aone?

Upande wa kijana nao una haki zake. Shuleni analala bweni lenye vitanda vya kupandiana, anasoma darasa lenye msongamano, na nyumbani mikono yake inahitajika kwa ndama na maji. Hajawahi kuwa na nusu saa isiyo ya mtu mwingine. Hakudai chumba. Alichotaka ni nusu saa hiyo tu.

> Kisitiri cha sentimita 150 ni ukuta. Cha 120 ni makubaliano.

Tukakaa tukapima. Mtu mzima aliyekaa kwenye kigoda, macho yake huwa kama sentimita 108 kutoka ardhini na utosi wake juu kidogo ya 120. Kisitiri cha 120 kinamzuia kuona nje, na anayesimama mlangoni anaona ncha ya kichwa chake. Nikakata. Yeyo alisimama mlangoni, akatazama, hakusema kitu. Nilidhani amekubali.

Jua pia lilikuwa na neno lake. Endulen iko kama nyuzi tatu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine hupita kusini. Vitabu vya Ulaya humshauri mchoraji kufungua dirisha la kaskazini ili apate nuru isiyobadilika. Ukimfuata mshauri huyo hapa, Juni utachoma karatasi. Chumba cha matofali hakiwezi kugeuzwa mara mbili kwa mwaka. Kisitiri watoto wawili hukigeuza.

Jicho la mnunuzi

Wapo wasiokitaka kabisa. Wakati wa safari ya mbao niliteremka hadi Mto wa Mbu, ambako wachoraji wa Tingatinga hukaa kando ya barabara ya watalii. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji huo Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya mraba, na alikuwa ameshafariki kufikia 1972. Mtindo wake umelisha familia nyingi tangu hapo. Nilipowaeleza habari ya kisitiri walinitazama kama mtu anayeshauri duka lifungwe milango. Gari husimama kwa sababu mgeni ameona brashi inatembea. Ukijificha, umefunga biashara.

Wana hoja, na wanalipa kodi ya nyumba kwa hoja hiyo. Lakini tembea duka moja hadi jingine uhesabu tembo walio chini ya Kilimanjaro, na Wamaasai wembamba waliopangwa safu katika mashuka mekundu.

> Jicho la mnunuzi likikaa sana begani, mkono huanza kuchora anachotaka kununua.

Kijana wa Endulen hana Mmaasai hata mmoja mwekundu kwenye daftari lake. Nililipekua lote kwa ruhusa yake. Kuna mashine ya kusaga ikiwa imefunguliwa, mkanda wake na magurudumu yake. Kuna pikipiki, tairi la nyuma limetolewa. Kuna mkono wa koko ukishika kikombe, umechorwa mara tisa, na katika ule wa tisa mishipa inaonekana. Alipata wapi muda wa mikono tisa sikumuuliza.

Vidole vinne

Asubuhi ya kuondoka niliamka na kukuta kisitiri hakipo kilipolazwa. Kilikuwa nje, kimekunjwa nusu duara kuuzunguka moto, na yeyo nyuma yake akichemsha chai. Upepo ulikuwa mkali na mwali haukutikisika. Nikamweleza habari ya Wajapani na kinga yao ya upepo. Akasema, kwani wao wanachemshia nini?

Kisha akasimama, akaenda mlangoni pa enkaji, akamwita mwanawe akae kwenye kigoda nyuma ya kisitiri kama anavyokaa akichora. Akatazama kwa muda. Akarudi, akaweka kiganja chake kwenye mbao ya juu, vidole vimelala pamoja, akaniambia nipunguze kiasi hicho.

Nikapima kwa futi. Vidole vyake vinne ni sentimita saba na nusu. Ingebaki 112 na ushei: macho ya kijana bado yapo chini ya ukingo, nywele zake na paji la uso zinaonekana kutoka mlangoni.

Nikafumua viroba upande wa juu, nikakata miguu sita, nikapigilia upya. Vile vipande sita yeyo akavisukuma motoni, chini ya sufuria ya chai.